Costancia Mwinshehe na Sahihi Aliyoijutia

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Rudewa na ninyi mliotoka Mikumi, Ulaya yetu ya hapa Kilosa, na Munisagara, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu mlioshinda nasi tangu juzi mkichimba kaburi na kuchota maji, asalaam aleikum. Familia imemteua Kasian, mdogo wake marehemu, kuisoma historia hii, nayo itakuwa ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, na mahali pengine haitapendeza, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani, akasema mtu akisifiwa mno msibani, hata waliomjua huanza kuinua shingo kuchungulia kama kweli ni yeye aliyemo sandukuni.

Marehemu Costancia Mwinshehe alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika kambi ya wafanyakazi wa reli Munisagara, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Mwinshehe Kasian na Bi. Agnesi, wote wametangulia mbele za haki. Baba yake alikuwa mnyapara wa genge la njia ya reli, mtu mkali, lakini alikuwa na tabia moja iliyowashangaza wenzake, kwamba akiona mtu ameanza kupiga nyundo kwa hasira, humnyang'anya na kumkalisha kivulini, akisema huyo sasa hafanyi kazi tena, anatafuta mguu wa kuvunja, ama wake ama wa mwenzake. Marehemu alikuwa akipeleka chakula cha baba yake kule kwenye reli, akayaona hayo tangu mdogo.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Munisagara mwaka 1955, akaendelea na shule ya kati ya wasichana huko Morogoro kuanzia 1959 hadi 1962 alipomaliza darasa la nane, kisha akasoma ukarani na kupiga chapa mwaka 1963 na 1964. Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa kuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Kilosa, na huko ndiko alikokutana na Bwana Amos Dotto, bwana mifugo aliyeletwa kutoka Shinyanga, ambaye yupo hapa mbele yetu. Bibi Agnesi hakufurahi, aliuliza mbele ya washenga kama mtu wa ng'ombe anajua hata kukaa sehemu moja mwaka mzima, na Bwana Amos akamjibu kwa heshima, "Shikamoo mama, ng'ombe ndio wanaohama, mimi nawafuata tu, na huyu binti sitamwacha nyuma." Walifunga ndoa takatifu tarehe 28 Agosti 1971, wakajaliwa watoto watatu, Marciana aliyezaliwa 1972, Pastory 1975, na Winnie 1979, na ameacha wajukuu watano.

Mwaka 1973 marehemu alihamia katika shamba moja la mkonge huku Rudewa, lililokuwa mali ya umma, akiwa msaidizi wa afisa utumishi, mwaka 1978 alipelekwa Mzumbe kusomea kazi hiyo, na mwaka 1983 akawa Afisa Utumishi wa shamba zima, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho pale. Waliofanya kazi naye wanakumbuka kwamba hakukaa ofisini asubuhi, alisimama njiani watu wanapoingia korona, kule kwenye mtambo wa kuchambua mkonge, akawatazama vifungo vya mashati. Aliyekosea kufunga vifungo siku moja alimwacha, aliyekosea siku mbili mfululizo alimwita pembeni na kumuuliza amelala saa ngapi, nani mgonjwa nyumbani, na mara nyingi alimrudisha akalale, jambo lililowakera mameneja wengi. Alipoulizwa kama hiyo ndiyo kazi ya utumishi, alijibu kwamba kutunza mafaili hata panya wanaweza, maana wao hawatoki masijala.

Soko huria lilipoingia, mashirika ya umma yakaanza kutafutiwa wanunuzi, shamba nalo likatangazwa kuuzwa, na likaja agizo kwamba anayenunua anataka ardhi na mitambo, hataki watu. Kati ya Novemba 1991 na Julai 1993 marehemu aligawa kwa mkono wake barua mia nne na kumi na mbili za kuachishwa kazi, kwa watu aliowajua majina, na wake zao, na maradhi ya watoto wao. Waliokuwa juu yake walitafuta safari siku za kugawa, wengine wakaugua ghafla, wakamwachia yeye dirisha. Mwanzoni aliwakalisha watu na kuwaeleza, baadaye akawa anawaeleza wakiwa wamesimama, na mwisho akawa anasukuma bahasha dirishani bila kuinua uso, akirudi nyumbani ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, na chakula kikipita karibu naye anageuza pua kama ameletewa mzoga.

Asubuhi moja ya Julai 1993 mzee mmoja mkata mkonge alifika pale dirishani akasema, "Mama, mke wangu amefariki alfajiri," na marehemu akamsukumia karatasi akamwambia, "Jaza fomu, simama pembeni." Bwana Amos alikuwa amesimama nyuma ya mzee huyo, amemletea mkewe chakula, akayasikia yote. Hakumgombeza, alizunguka akaingia ofisini, akafunika wino, akamshika mkono na kumtoa nje mbele ya watu wote, na siku hiyo hiyo akampeleka kwa ndugu zake wafugaji waliokuwa wamehamia huku kutoka Shinyanga, kwenye boma lililo mbali na barabara, akawaambia wanawake wa pale, "Huyu ni mgonjwa, na msimuulize anaumwa nini, kwa sababu hajui."

Marehemu alilala siku kumi na moja, akiamka kunywa maziwa na kurudi kulala, na siku ya kumi na mbili akaketi kitako, akamkumbuka yule mzee, akalia mpaka wenye boma wakadhani amepata habari ya msiba. Alitembea kwa miguu hadi kwa mzee, akaketi chini kwenye mkeka, akaomba radhi, na yule mzee, Mungu ambariki popote alipo, akamwambia, "Tumekusamehe mama, lakini hata ile fomu yenyewe, ulinipa ya likizo ya uzazi." Walicheka wote wawili wakiwa wanalia. Tangu hapo marehemu akawa na neno lake ambalo wengi mmelisikia mkalichoka, kwamba mtu akichoka kupita kiasi hawi mvivu, anakuwa katili, na kiongozi aliyechakaa ni wa kuogopwa kuliko mlevi, kwa sababu mlevi unamnusa kabla hajafika.

Tarehe 1 Aprili 1996 aliajiriwa kuwa Meneja Utumishi wa hoteli moja ya watalii huko Mikumi, iliyokuwa imetoka mikononi mwa umma na kupata wenyewe wapya, hoteli ambayo wengi mnaijua na familia haitaitaja. Miaka miwili na ushee ya kwanza ilikwenda vizuri, aliweka utaratibu kwamba wakuu wa idara ndio wanaotangulia kwenda likizo, majina yao yakabandikwa mlangoni watu wote wayaone, maana aliamini mfanyakazi wa chini hawezi kuomba mapumziko kwa bosi anayejigamba kwamba yeye hapumziki. Kiongozi, alisema, ndiye anayetoa ruhusa ya watu kuwa binadamu, na huitoa kwa kuanza yeye.

Januari 1999 alikuja meneja mkuu mpya kutoka Dar es Salaam, Bwana Ulimboka, mtu nadhifu, mwenye maneno matamu na simu ya mkononi kiunoni ijapokuwa mtandao ulikuwa bado haujafika, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuliondoa lile tangazo la likizo na kutundika mahali pake fremu ya kioo yenye maandishi ya dhahabu, Mfanyakazi Asiyechoka wa Mwezi. Marehemu aliichukia fremu ile kuliko alivyowahi kuchukia kitu, alisema kila akiipita anasikia harufu ya kitu kinachooza, akaapa kwamba ipo, na siku moja akamwita fundi ahakikishe kama hakuna mjusi aliyekufia nyuma yake, fundi akafungua, hakukuwa na kitu.

Machi mwaka huo wapishi wawili waliachishwa, na kazi zao zikahamia kwa Lea, mpishi mkuu, mama wa watoto wawili, aliyepika chai ya alfajiri, chakula cha mchana na cha jioni, akawa ananyang'anywa siku zake za mapumziko mara kwa mara, na mwezi Mei picha yake ikawekwa ndani ya fremu, akakabidhiwa khanga na chupa ya chai huku watu wakipiga makofi. Marehemu alimwandikia meneja mara tatu kwamba Lea amefunga vifungo upande siku tisa, ameanza kuwatukana wenzake jikoni, naye hakuwa na ulimi huo. Mara ya tatu meneja alimwita, akamkaribisha soda, akamwambia kwa upole, "Mama Marciana, nakuheshimu kama mama yangu, lakini haya mambo ya zamani ya mashirika ya umma tuyaache, biashara huria haina Jumapili." Marehemu alisema ile soda ilimrudi kooni ikiwa ya moto.

Tarehe 17 Julai 1999, saa tano asubuhi, ikiwa ni siku ya arobaini na moja Lea hajapumzika, alisinzia akiwa amesimama, ameshika sufuria la supu inayochemka, akaanguka nalo, akaungua mikono yote miwili na kifua. Watalii walipelekewa matunda wakaambiwa gesi ina hitilafu kidogo. Siku ya tano yake ikaandaliwa barua ya kumfukuza Lea kwa uzembe na kuharibu mali, ikaletwa mezani kwa marehemu aitie sahihi kwa cheo chake.

Hapa, ndugu waombolezaji, ndipo marehemu alipotuagiza tusipunguze. Meneja alisimama mlangoni akamwambia, "Ukikataa sitakulazimisha mama, nitamtafuta Meneja Utumishi anayejua kuandika jina lake." Marehemu alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, binti yake wa mwisho alikuwa chuoni, mumewe alikuwa ameshastaafu, na alikuwa amechoka, kwa sababu tangu Machi yeye naye hakuwa amekwenda likizo, akisema akiondoka yeye nani atawatetea hawa. Alitia sahihi. Alimwamuru Kasian wiki tatu zilizopita, "Andika nilitia sahihi. Usiandike nililazimishwa, kalamu ilikuwa yangu."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kutowatuma wengine barua za namna hiyo, aliipeleka mwenyewe hospitalini alikolazwa Lea. Alimkuta amefungwa bandeji mpaka kwapani, nzi wanamsumbua usoni na hawezi kuwafukuza, na Lea alipomwona akafurahi, akajaribu kujiinua, akasema, "Shikamoo mama, umeniletea likizo?" Marehemu aliketi akawafukuza wale nzi kwa ile bahasha, muda mrefu, mpaka nesi akamwambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha, akaiacha barua chini ya sahani, akatoka, na nje ya wodi akatapika.

Aliwaambia watoto wake baadaye kwamba aliyemtapisha alikuwa yeye mwenyewe, Ulimboka alikuwa anamkera tu. Alisema shambani alikuwa katili bila kujijua, lakini Mikumi alijua, alikuwa ameshafundishwa na Mungu mara moja akiwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe kwa wakwe zake, na somo lile akalikanyaga kwa kalamu.

Agosti hiyo, hoteli ilileta mtaalamu wa semina ya ustawi wa wafanyakazi, wakuu wa idara wakaketi ukumbini kwa siku mbili, wakaambiwa wavute pumzi na kuitoa polepole, wakapewa maputo wayapulize kisha wayapasue ili uchovu uwatoke, wakala keki. Wapishi na wafua mashuka walikuwa wanapita na trei, hawakualikwa, na mmoja wao alisimama nyuma ya pazia akijaribu kuvuta pumzi kama wanavyofanya wakubwa. Marehemu alipoona hivyo aliinuka na puto lake mkononi halijapasuliwa, mtaalamu akamuuliza, "Mama, mbona unatuacha, bado hujatoa uchovu," naye akamjibu, "Wangu nilishautoa mwanangu, nikampa mtu mwingine, sasa nakwenda kumnyang'anya." Alivuka barabara, akasimamisha basi linalokwenda Morogoro.

Katika Ofisi ya Kazi huko alitoa maelezo kwa maandishi kwamba barua yenye sahihi yake ilikuwa ya uongo, na kwamba yeye aliyeitia alijua ni ya uongo, akaambatanisha nakala za zile barua zake tatu kwa meneja pamoja na orodha ya zamu za jikoni. Afisa aliyempokea alimuuliza mara mbili kama anaelewa kwamba anajishtaki, marehemu akasema hiyo ndiyo sehemu anayoielewa vizuri zaidi. Alirudi Mikumi, akaendelea kukaa mezani kwake miezi mitano akiwa hasalimiwi, watu wakibeba sahani zao kwenda meza nyingine, hata wale aliowahi kuwatetea, naye hakuwalaumu, alisema woga nao ni aina ya uchovu. Tarehe 15 Januari 2000 aliondolewa kazini, barua yake ikasema idara inapunguzwa.

Tarehe 11 Aprili 2000 shauri liliamuliwa, ikaandikwa kwamba Lea hakuwa mzembe, barua ile ikafutwa, na akapewa haki ya kurudi kazini. Lea hakurudi. Alisema jikoni kule hata maji ya kunywa yangemnukia ngozi yake mwenyewe. Marehemu alikwenda kwake mara nne kuomba msamaha, mara tatu alipewa kiti na maji bila maneno, na mara ya nne, ilikuwa mwezi wa Desemba, Lea alimwambia, "Mama, kunisamehe nitakusamehe, lakini kusahau usiniombe." Marehemu alisema huo ndio msamaha pekee aliowahi kuuamini. Lea yupo hapa, ameketi na familia, na ni marehemu aliyeagiza kwamba leo asikanyage jikoni.

Miaka yake ya mwisho aliishi hapa Rudewa, akilima mpunga kidogo, na walimu wakuu, viongozi wa ushirika na wa zahanati wakawa wanamwita azungumze na wakubwa wa kazi, naye alikwenda, mara nyingi kwa baiskeli ya Pastory, hata siku za gulio ambapo hapana pa kupita. Huko kijijini Ulaya mwenyekiti mmoja wa ushirika alisimama kumkaribisha akajisifu kwamba ana miaka tisa hajachukua likizo, marehemu akamuuliza mtoto wake wa mwisho anasoma darasa la ngapi, mwenyekiti akafikiri, akasema la tatu, na mkewe aliyekuwa ameketi nyuma na akina mama akasema kwa sauti, "La tano." Watu walicheka sana. Marehemu hakucheka, alimwambia, "Baba, wewe umeibiwa miaka miwili, na anayekuibia unampigia makofi."

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 1998, na familia inakiri kwamba alikuwa mgonjwa mkaidi katika kumeza dawa. Tarehe 3 Septemba 2003 alipata kiharusi akiwa shambani, upande wa kulia ukalegea, akalazwa hospitali ya wilaya Kilosa, sauti yake ikarudi baada ya siku sita, na kwa sauti hiyo ndogo akaisema sehemu kubwa ya haya mliyoyasikia. Kasian alimsihi mambo ya sahihi yaachwe, kwamba hoteli itatuma watu na ni aibu, akamjibu, "Aibu ni yangu, waache waje waitazame." Alipokea mafuta ya wagonjwa tarehe 17 Oktoba, na siku mbili baadaye, tarehe 19 Oktoba 2003, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika ule mkono ulio hai, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi Paulina aliyemgeuza kitandani kila baada ya saa mbili bila kununa, inamshukuru Baba Paroko, jumuiya ndogondogo, ndugu wa Bwana Amos walioleta dume na maziwa, na majirani wote, ambao hatuwezi kuwataja mmoja mmoja. Uongozi wa hoteli umeleta salamu za rambirambi, zinasema marehemu alijitoa bila kujali afya yake, tumezipokea kwa adabu, na hatutazisoma, kwa kuwa hilo wanalomsifia ndilo lililomtia kinyaa mpaka anakufa.

Ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani mliokuja mkiwa na sare, karibuni sana, tumeambiwa mmepewa ruhusa mpaka saa tisa, na dereva wenu ameshapiga honi mara mbili. Tunaomba mmoja wenu aende amwambie azime injini, ashuke na yeye, anawe mikono, wali umeiva na sahani zipo za kutosha, na mtu asile hapa huku amesimama.

Costancia, dada yetu, mke, mama na bibi, kazi yako umeikabidhi, uzuri wake na ubaya wake, kwa mkono wako mwenyewe. Lala sasa, pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.